Picha ya Fundi Lo Akicheka

Ninyi vijana mliojaa kwenye ofisi za safari hapa Arusha, mnaonipita barabarani na kunitupia shikamoo huku macho yenu yako kwenye magari ya wageni, leo nataka mnisikilize. Kazi mnayoifanya niliianza mimi. Sisemi nilikuwa mmoja wa walioianza. Nasema mimi. Kabla yangu sikuwahi kumwona Mmeru aliyekaa nyuma ya meza ya ofisi ya safari amevaa tai, labda awe ameingia kuifuta hiyo meza vumbi.

Tofauti yetu ni moja. Ninyi mnapokea watu waje kuona tembo. Mimi, enzi za Mwingereza, nilikuwa napeleka watu kule ambako mioyo yao ilikwisha kutangulia. Mgiriki wa shamba la kahawa aliyetaka kwenda kumzika dada yake. Mhindi aliyekwenda kutafuta mchumba. Bibi wa Kiingereza aliyechoshwa na mvua ya Meru akatamani mvua ya kwao. Kila mmoja alikaa kwenye kile kiti mbele yangu, na kabla hajataja jina la meli nilikwisha kujua anakosa usingizi kwa ajili ya nani.

Watu husema najisifu. Ni kweli, na sababu ninazo. Nilizaliwa Maji ya Chai, baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, na hakuna aliyenishika mkono. Nilishuka Mombasa na viatu vya kuazima, nikapata kazi ya kufua mashuka melini, nikafika London. Mchana niliosha vyombo, jioni nilisoma, mpaka nikapata diploma ya ukarani wa safari. Ipo mpaka leo, imetundikwa sebuleni juu ya redio, na mgeni anayeingia kwangu asiitazame huwa namwuliza kama macho yake ni mazima.

London ndiko nilikojua pia kutamani kwetu. Siku moja nilisimama mbele ya duka la matunda nikitazama ndizi za njano zilizopangwa kama mapambo ya harusi. Mimi nilikuwa nawaza ndizi mbichi za mama, zinavyochemka na maziwa, na moshi unavyopita katikati ya migomba asubuhi, na mlima nyuma yake umejifunika. Nilisimama hadi mwenye duka akatoka na ufagio. Alidhani nataka kuiba. Sikumlaumu. Mtu anayetamani kwao na mwizi wana macho yanayofanana.

Kwa hiyo niliporudi Arusha na kuajiriwa na Bwana Hirji, Mhindi mwenye ofisi ndogo karibu na soko, nilikuwa na vitu viwili ambavyo makarani wengine hawakuwa navyo. Nilikuwa na diploma, na nilikuwa nimeonja ugonjwa wa wateja wangu.

Niwape kidogo ya kazi, maana nikiwaachia hadithi tu mtasema mzee alikuja kupiga porojo. Pasi ya mteja usiikunje, wala usiitie mfukoni mwa nyuma ukaikalia. Afisa akiiona imepinda anaanza kuwaza tabia ya mwenyewe. Barua ya maombi iwe fupi, lakini isiwe fupi kiasi cha kuonekana ina kiburi. Usiende kuomba muhuri kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu afisa mwenye njaa husoma kila neno. Nenda baada ya chakula, akishaegemea kiti. Na kubwa kuliko yote: omba kwanza ruhusa ya kurudi, ndipo uombe ruhusa ya kwenda. Daima anzeni na mlango wa kurudia. Wengi husahau. Wanaona bahari mbele yao, wanasahau nyuma kuna mtu amekaa na ufunguo.

Hilo nitalirudia. Sasa niwaambie habari za meno.

Nyanya yangu mzaa mama alikuwa Mwarusha wa Oldonyo Sambu, na nilipokuwa mtoto alining'oa meno mawili ya mbele, ya chini, kama ilivyokuwa desturi yao. Walisema mtoto akipata pepopunda, taya zikifunga, basi maziwa yatapita pale kwenye pengo. Sikuwahi kupata pepopunda. Pengo nilibaki nalo, nikaenda nalo London, na huko kila nilipofungua mdomo watu walitazama pengo badala ya kusikiliza Kiingereza changu, ambacho kilikuwa kizuri sana. Nikaapa kwamba nikirudi nitaliziba.

Aliyekuwa akitengeneza meno ya bandia hapa mjini alikuwa Fundi Lo. Duka lake lilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, na ubao wa mlangoni ulichorwa mdomo mwekundu uliocheka bila kuwa na uso. Mfupi, amevaa aproni, ananuka mafuta ya karafuu. Wazazi wake walikuwa Wachina, lakini yeye alizaliwa kisiwa cha Morisi, kwa hiyo alikuwa na pasi ya Mwingereza. Kiswahili alikiokota Mombasa akaja kukimalizia Arusha.

"Unataka rangi gani?" akaniuliza.

"Nyeupe. Nyeupe ya London."

Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. "Wewe wa Maji ya Chai."

"Umejuaje?"

"Maji yamekuandika. Meno yako ya kahawia, imara, mazuri. Nikikuwekea mawili meupe hapo katikati, aisee, itakuwa nyumba ya udongo yenye dirisha la kioo."

"Fundi, mimi nimetoka London. Nalitaka hilo dirisha la kioo."

"Haya, Bwana London. Fundi hasemi sana."

Kwa msiokuwa wa huku: maji ya upande wetu wa mlima yana madini yanayotia meno rangi ya kahawia tangu utotoni. Hayaumi. Ni alama tu, kama chale. Lakini alama hiyo imetufanya tuwe watu wa kufunga mdomo. Tunacheka tukijiziba kwa kiganja, na mbele ya kamera ndiyo kabisa. Tazameni picha za zamani za ndoa, za kipaimara, za wazee wa kanisa kuanzia Maji ya Chai mpaka Tengeru. Mtadhani ni watu waliotoka kusomewa hukumu. Furaha ilikuwepo, ila tuliifungia midomoni.

Jumapili ya kwanza na meno yangu meupe niliketi kanisani mstari wa mbele, nikaimba kwa sauti kuliko mtu yeyote. Nje, baada ya ibada, shangazi yangu alinivuta pembeni, akalamba kidole chake.

"Anaeli, mwanangu, kuna kitu cheupe kimekunasa kwenye meno. Inama nikutolee."

Jumatatu nikarudi kwa Fundi Lo. Hakungoja nieleze. Akavuta droo, akatoa pamba, akaifungua. Ndani yalikuwamo meno mawili ya kahawia, rangi yangu hasa, hata na mistari yake midogo.

"Niliyatengeneza siku ileile," akasema. "Nilidhani ungekuja Jumatano. Kumbe shangazi zako wakali."

Nikamsimulia ya shangazi na kidole chake, na ndivyo tulivyokuwa marafiki. Yale meupe alinirudishia ndani ya pamba. Alisema ni mali yangu, na kwamba kwenye duka lake hakuna mtu wa kuuziwa dirisha.

Kuanzia hapo, saa ya chakula nilikula kwake au yeye alikula kwangu. Akanizoesha supu yake ya tangawizi, nami nikampeleka kwetu akala ndizi za mama. Mama alimpenda kwa sababu alikuwa akisema shikamoo kwa kuinama kidogo kuliko inavyotakiwa. Kila alipoondoka alifungiwa mkungu mgongoni mwa baiskeli.

Nilikuwa namtania. Fundi huyu aliyekuwa akinyoosha midomo ya mji mzima alikuwa na jino lake la juu, upande wa kushoto, lililopanda juu ya jirani yake kama mtoto juu ya bega.

"Fundi, kinyozi mwenye nywele chafu hapati wateja. Hilo jino ling'oe."

"Si langu," akasema. "La mama."

Akanieleza. Baba yake alipofariki kule Morisi, mama alimchukua binti mdogo akarudi naye kijijini kwao China. Kijana akaachwa kwa mjomba ajifunze kazi ya meno. Siku ya meli, mama alimfungua mdomo, akaweka kidole juu ya lile jino, akamwambia, "Hili usiliguse. Utakuwa mrefu, utaota ndevu, uso utabadilika. Mimi nitakutambua kwa hili." Halafu vita vikaja juu ya vita, na barua zikawa zinafika au hazifiki. Mvulana akawa mtu mzima, akahama nchi mara mbili, akaota mvi. Jino likabaki pale pale likingoja.

Siku moja aliingia ofisini kwangu asubuhi, wakati duka lake lilitakiwa liwe wazi. Hakuja kwenye stuli ya marafiki, ile ya pembeni. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Nikajua.

"Dada ameandika," akasema. "Mama yu hai. Macho yake yanaingia ukungu. Dada anasema asubuhi anaona, jioni haoni, na kila msimu asubuhi inakuwa fupi zaidi."

"Unataka kwenda kumwona."

"Hapana, Bwana Diploma. Mimi uso wake ninao." Akajigonga kifuani. "Nataka yeye anione mimi. Kabla ukungu haujafunga."

Wanangu, nimeshughulikia safari nyingi. Hakuna mteja aliyewahi kunieleza kwa uwazi kama huo anachokwenda kufanya.

Sasa sikieni ugumu wake. Mtu ana asili ya China lakini ni raia wa Mwingereza, mzaliwa wa Morisi, mkazi wa Tanganyika. Kwa kwao mwenyewe ni mgeni anayehitaji viza. Ubalozi wa China haukuwepo Tanganyika wala Kenya. Wa karibu ulikuwa Kairo. Huku nako wakubwa hawakupenda kabisa kusikia mtu anakwenda kwa wakomunisti. Anaweza kuondoka, wakamwambia vyema, nenda, na akirudi akakuta mlango umefungwa.

Nikaanza na mlango wa kurudia, kama nilivyowaambia. Nilikwenda kwa afisa aliyehusika baada ya chakula, akiwa ameegemea.

"Mtu huyu anataka nini kule?" akaniuliza.

"Kuonwa na mama yake, bwana."

"Kumwona mama yake."

"Hapana, bwana. Kuonwa."

Akaiweka barua mezani. Labda na yeye alikuwa na mama mahali. "Na nani anathibitisha kwamba atarudi?"

"Mimi."

"Wewe ni nani?"

Nikamweleza mimi ni nani. Nilianzia mashuka ya melini nikamalizia na diploma, na nadhani aligonga muhuri ili nisirudie tena mwanzo. Fundi Lo alipokiona kile kibali cha kurejea alikishika kwa ncha za vidole, kama jino la mtoto.

"Hiki ndicho muhimu," nikamwambia. "Viza ni ya kwenda. Hiki ni cha kuja kula ndizi za mama."

Picha tukapigia kwa Pinto, Mgoa aliyekuwa na studio juu ya duka la vitambaa. Nikamnyoosha Lo kola, nikamwambia kama nilivyowaambia wateja wangu wote, kama baba yangu alivyoniambia mimi, na kama kila mtu wa upande wetu anavyojua bila kuambiwa: "Kaa wima. Funga mdomo."

Akafunga. Miaka mingi kati yetu ilikwisha kumfanya Mmeru. Picha ikatoka nzuri, ya heshima, ya mzee wa kanisa kabisa.

Kairo wakajibu kwa adabu. Mtu anayekwenda kutembelea jamaa lazima jamaa wenyewe wathibitishe kule kijijini kwamba ni wao, ndipo viza itolewe. Picha moja ikatumwa kwa dada. Tukangoja. Masika yakaja, barabara ya Maji ya Chai ikawa tope, kahawa ikachanua. Kila barua ya dada niliyomletea Lo aliifungua kwanza kutafuta habari ya macho. Asubuhi ilikuwa inazidi kuwa fupi.

Jibu lilipofika alilisoma kimya, kisha akanitafsiria palepale kwenye kiti cha wateja.

"Dada anasema mama ameileta picha mpaka kwenye pua. Anasema huyu ni mzee fulani aliyefunga mdomo. Hawezi kuweka kidole gumba mbele ya wakubwa wa kijiji kwa ajili ya mzee aliyefunga mdomo. Walishakuja wawili, kila mmoja akidai ndiye mwanawe, wakala wali wakaondoka." Akaigeuza karatasi. "Anasema mwanawe ana jino. Jino liko wapi?"

Tulitazamana. Mjini hapa palikuwa na watu wawili wanaojua habari za jino lile, na wote wawili tulisimama mbele ya kamera ya Pinto tukalifungia mlango.

"Inuka," nikamwambia.

"Nina mgonjwa saa hii."

"Mgonjwa wako ana meno mengine. Inuka."

Tukapanda ngazi za Pinto. Nikamweleza kwamba safari hii tunataka mdomo wazi, jino lionekane, na mtu awe anacheka, maana mama yake alimjua akicheka. Pinto akakuna kichwa. Mtu wa kucheka hakuwahi kumpata Arusha nzima.

"Cheka, Fundi," akasema toka chini ya kitambaa chake cheusi.

Lo akafungua mdomo. Akawa kama mtu anayeng'olewa.

"Huko si kucheka, aisee," nikasema. "Fikiria jambo la furaha."

"Nafikiria mama."

"Basi usimfikirie mama!"

Akajaribu tena. Midomo inapanda, macho yanashuka. Pinto akasimulia kisa cha Padre na mbuzi, Lo akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho akasema pole. Nikaimba. Nikaiga sauti ya afisa. Jasho likaanza kumtoka usoni, na nikaona kwamba hofu imemwingia, hofu ya kwamba hataweza. Fikirieni: mtu amelinda jino moja maisha yake yote, na leo linahitajika, nalo halitaki kutoka nje.

Mimi ni mtu wa heshima zangu. Sikuwahi kuonekana na mtu yeyote nikiwa na pengo tangu siku nilipolipwa mshahara wa kwanza, hata mke wangu nilimgeuzia kisogo. Lakini nilikuwa na ile pamba. Nilitembea nayo kwenye mfuko wa koti, sijui kwa nini. Labda kwa sababu ilikuwa London yangu. Niligeukia ukutani, nikatoa ya kahawia, nikaweka yale meupe. Kisha nikasimama nyuma ya kamera, nikavuta tai, nikamchekea Fundi Lo kwa meno yangu yote.

"Anaeli, mwanangu," nikasema kwa sauti ya shangazi yangu, "inama nikutolee."

Kicheko kile sikuwahi kukisikia tena popote. Kilianzia tumboni, kikampinda, kikamrudisha wima, mdomo ukawa wazi kama ule wa kwenye ubao wa duka lake, na lile jino likatokea lote, limekaa juu ya jirani yake. Pinto akapiga.

Picha ilikwenda. Mama akaipeleka kwenye pua, akaweka kidole gumba kwenye karatasi ya wakubwa wa kijiji palepale, bila kuuliza lingine. Pasi ikarudi toka Kairo kwa posta ya rejista, na ndani yake viza, maandishi ya Kichina na muhuri mwekundu. Niliitazama sana kabla ya kumwita mwenyewe. Bwana Hirji aliwaita majirani waje waone. Nami nikasimama kando nikiwaeleza ilivyopatikana, na sikupunguza lolote.

Aliondokea stesheni ya Arusha kwa treni ya kwenda kuunga Mombasa. Mama yangu alikuja toka Maji ya Chai na kikapu cha ndizi za kuiva njiani, akampa kwa mikono miwili.

"Mpelekee mama yako. Mwambie zimetoka kwa mama mwingine."

"Zitaoza, mama."

"Zikioza mpelekee hadithi yake."

Fundi akanipa ufunguo wa duka. "Nitarudi kahawa ikiwa nyekundu," akasema. "Kile kibali ninacho hapa." Akagonga mfuko wa shati. Treni ilipoanza kuondoka alichungulia dirishani, akafungua mdomo makusudi, akaniwekea kidole juu ya jino. Nilitaka kumchekea. Nikajiziba kwa kiganja. Mazoea, wanangu, ni magumu kuliko afisa yeyote.

Barua yake ya kwanza ninaijua kwa moyo. "Aliniona. Si sana. Kama mnavyouona Meru asubuhi ya ukungu: umbo lipo, unajua ndio wenyewe. Aliniona nikiingia mlangoni, akasema fungua mdomo. Nikafungua. Akaweka kidole. Akasema, umechelewa, wali umepoa."

Alikaa mpaka kahawa ikawa nyekundu. Ikavunwa, ikachanua tena. Asubuhi ya mama ilikwisha kufunga kabisa, na dada alikuwa ameolewa kijiji cha mbali. Akaandika, "Sasa mimi ndiye macho yake. Nisubirini kidogo." Nani angemwambia arudi? Si mimi.

Ila kibali cha kurejea kilikuwa na mwisho wake. Kilipokaribia kuisha nilikwenda kwa afisa baada ya chakula, nikaomba kiongezwe. Akaongeza. Kilipokaribia tena, nikaenda tena.

"Mchina wako yuko wapi?" akaniuliza.

"Njiani, bwana."

"Ni njia ndefu."

"Ndefu sana, bwana."

Aliendelea kukiongeza, na kila mara nilituma barua ya posta kumjulisha Lo kwamba mlango bado uko wazi. Baadaye afisa mwenyewe akafunga masanduku. Yeye alirudi kwao. Lo hakurudi kwetu. Usiku bendera ya Mwingereza iliposhuka nilikuwa nikishangilia kama kila mtu, na kesho yake asubuhi nilikumbuka kwamba muhuri uliokuwa kwenye kibali cha Fundi Lo sasa ni wa serikali isiyokuwepo. Nilikwenda dukani kwake. Nikafungua, nikapangusa vumbi, nikakaa kwenye kile kiti cha kuegemea kichwa. Harufu ya karafuu ilikuwepo bado.

Tumeandikiana mpaka leo. Mama yake alizikwa zamani, kisha mambo ya kule yakafunga njia, kisha uzee ukafunga iliyobaki. Nimewapatia watu viza za dunia nzima, wanangu, na watu wameniletea kanga, saa, na chai ya kwenye makopo. Mimi mwenyewe sikuwahi kukaa kwenye kiti cha wateja.

Mwaka huu aliyeandika ni mpwa wake. Mjomba haandiki tena mwenyewe. Macho yake yameingia ukungu, kama ya mama. Asubuhi anaona kidogo. Anauliza kama Bwana Diploma bado yupo, na kama ana picha.

Nilikwisha kuanza taratibu. Ubalozi sasa uko Dar es Salaam, si Kairo, kwa hiyo nyie hamna la kulalamika. Kibali cha kurudi sikihitaji; hapa ni kwetu. Wiki iliyopita nilikwenda studio moja hapa mjini, kwa kijana ambaye baba yake angeweza kuwa mjukuu wa Pinto. Akanipiga za viza, mdomo nimefunga, sawasawa kabisa. Kisha nikamwambia angoje. Niligeukia ukutani, nikafungua ile pamba, nikarudi nikakaa wima, nikamchekea.

Kijana akashusha kamera. "Samahani, mzee wangu. Ya viza unatakiwa ufunge mdomo."

"Kijana, unanifundisha mimi viza?"

"Hapana, mzee, ila..." Akasogea karibu, adabu na kicheko vinagombana usoni mwake. "Hayo mawili ya mbele, mzee. Mbona meupe hivyo? Hayafanani kabisa na wenzake."

"Piga tu," nikamwambia, "kabla asubuhi ya mwenyewe haijaisha."